Anayeita Mara Moja

Jua lilikuwa linazama upande wa Uvira nilipopitia Buyenzi kuchukua buji ya kuwashia jenereta kwa fundi Mawazo. Redio yake ilikuwa tayari kwenye stesheni yetu, imetundikwa msumarini katikati ya mikanda ya injini. Akaniuliza kama leo mume wangu atambana yule mkubwa. Nikamwambia asikilize, asinimalizie uhondo.

Mume wangu ni Gélase. Kila Jumatano jioni alikuwa akiendesha kipindi cha siasa: mkubwa mmoja anakaa kitini, wananchi wanapiga simu, naye anajibu au anatoka jasho. Mimi napokea simu kwenye chumba cha pembeni, nyuma ya kioo. Nauliza jina na mtaa, kisha nabonyeza kitufe, mtu anaingia hewani. Gélase hakuwa na subira. Mpigaji akivuta pumzi tu, yeye ameshaitika. Redio ikinyamaza imekufa, alizoea kusema.

Mama yake hakuipenda kazi hiyo, na sababu yake haikuwa siasa.

"Mutoto yangu," alimwambia siku moja mbele yangu, "ukiitwa saa ya magaribi, usiitike mara ya kwanza. Mutu muzima ataita tena. Mufu anaita mara moja tu."

Gélase alicheka mpaka akapaliwa na chai. Akamjibu kwamba akingoja mara ya pili, wasikilizaji watahamia stesheni nyingine.

Jioni ile mada ilikuwa nyumba za ukingoni mwa mto. Mvua zilikuwa zimekula udongo, na nyumba ya mzee Sylvère ikaenda na maji. Mzee huyo tulimjua vizuri. Alipiga simu kila wiki kuomba wahamishwe, na kila mara alianza kwa kusalimia majirani wote, mmoja mmoja, mpaka ukachoka. Mwili wake ulikuwa haujaonekana.

"Ile nyumba haikukuwa na mutu," mkubwa akasema kwenye maikrofoni. "Hakuna mwenye alikufa."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilimwona Gélase akifungua kinywa amuulize swali. Kisha akawatazama walinzi wawili wa mkubwa mlangoni, akalimeza. Sikumlaumu. Tuna mtoto, Divin.

"Tupokee simu," akasema.

Simu ikalia.

"Alo, jina na mtaa?"

Nikasikia maji... tone... tone... Harufu ya udongo uliochimbuliwa ikajaa chumbani kwangu. Nikanyoosha kidole nikate. Kitufe nilikuwa sijakigusa. Lakini sauti nikaisikia kwenye kaski masikioni, iko hewani tayari:

"Gélase."

Mzee Sylvère, bila salamu hata moja.

Niligonga kioo. Nilitikisa kichwa. Usiitike, baba Divin, nilinong'ona, usiitike...

"Naam, mzee, tunakusikia."

Laini ikakatika.

Gélase akaendelea kuongea. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akagusa maikrofoni. Akagusa koo. Akageuka kunitazama, na macho yale nayaona hadi leo nikifumba yangu. Niliweka muziki nikakimbilia ndani. Mkubwa alikuwa amesimama ukutani, suti yake ya bei imelowa mgongoni, anadai gari lake liletwe.

Daktari alimulika koo akasema ni zima. Mama mkwe alikaa chini, akamshika mwanawe miguu, akalia.

Kesho yake nilirudi kwa Mawazo kwa sababu buji ilikuwa mbovu. Alinipokea kwa furaha.

"Mama Divin, bwana yako jana alikuwa mwanaume. Alimuuliza ule chef mpaka mwisho wa emisyo ya redio. Mzee Sylvère iko wapi? Mzee Sylvère iko wapi? Ule chef hakujibu hata moja."

Nikamwambia tuliweka muziki. Akacheka, akidhani namtania.

"Muziki gani? Buyenzi yote tumemusikia."

Nikakaa juu ya tairi.

Kipindi kimepewa mtangazaji mwingine. Mimi nimebaki na simu zangu, maana lazima tule. Ila siku hizi sisemi alo. Napokea, nangoja mpaka mtu aongee, na aongee tena. Wapigaji wanasema nimeota mapembe. Nyumbani Gélase anakaa kitini kwake, na magharibi ikikaribia anazima simu zote mwenyewe.

Jumatano hii, kabla kipindi hakijaanza, simu ililia. Nikaipokea. Tone... tone... Ile harufu.

Watu wote wananiita mama Divin. Ni mmoja tu duniani anayeniita lile jina jingine.

"Dani."

Ilikuwa sauti ya Gélase. Ile nzito ya asubuhi, kabla ya chai. Nimeikosa sauti hiyo, Mungu anajua, kinywa kilifunguka chenyewe. Labda ningeitika wangemrudishia sauti yake. Labda tungekuwa mabubu wawili, na Divin katikati.

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakipita kati ya vidole.

Ita tena, baba Divin. Nakuomba, ita tena.

Maji yaliendelea kudondoka. Laini haikukatika.