Korongo Waliolia Usiku Kucha

— Wameondoka leo asubuhi, Fundi. Wametanda mpaka jua likaomba njia ya kupita.

— Ni akina nani safari hii?

— Korongo weupe. Walilia usiku kucha, sikupata hata lepe la usingizi.

Fundi alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, anakunja pindo la suruali ya shule. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

— Walilia?

— Kama watu wenye msiba. Wewe panda juu ya paa, kesho kutwa watakuwa kwako. Na mwaka huu nawafuata. Nakuja tufunge ndoa.

— Ulisema hivyo mwaka jana, mzee wangu.

— Mwaka jana mambo hayakukaa sawa. Haya, baadaye.

Simu ikakatwa upesi, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa. Siku hizi ndivyo ilivyokuwa.

Hawa wawili walikutana ukubwani, kila mmoja ameshamzika mwenzi wake wa ndoa. Mzee alikuwa mlinzi wa bwawa la maji huko kaskazini, na Fundi alipelekwa kule kushona sare za walinzi. Baridi ilikuwa inaanza, miti inapukutisha majani, na ndege wa safari walikuwa wakishuka bwawani kupumzika. Mzee alimketisha juu ya ukuta wa bwawa, akamfundisha mmoja mmoja. "Huyu korongo unayemwona ni bubu," alimwambia. "Mungu alimpa mabawa akamnyima koo. Akitaka kusema hugonganisha mdomo tu, ka-ka-ka, kama mtu anayevunja vijiti." Sare zikaisha, Fundi akarudi kwao kusini, mapenzi yakabaki kwenye simu. Ndege wakiondoka bwawani Mzee hupiga, na Fundi hupanda paani kuwapokea. Ilikuwa kama kutumiwa salamu zenye mabawa.

Miaka ya mwanzo walifika kweli. Lakini mwaka juzi anga lilikuwa tupu, na mwaka jana vilevile. Fundi alisimama amejifunga shuka mabegani mpaka shingo ikakakamaa, halafu akaandika ujumbe: "Wamefika. Wamepita juu ya kichwa changu." Alidhani ndege wamebadili njia, hakutaka kumvunja Mzee moyo. Mpweke akipewa kitu hakikagui sana.

Leo alikikagua.

— Mbona umekaa kama umemeza sindano? aliuliza Mama Pacha, jirani yake wa chumba cha pili, akiwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

— Korongo halii.

— Nani halii?

— Korongo. Ni bubu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, leo ananiambia wamelia usiku kucha.

Mama Pacha akatua beseni chini, akacheka hadi akajishika mbavu.

— Shoga, wenzako huwafumania wanaume kwa marashi shatini. Wewe umemfumania kwa korongo.

— Usinitanie, mwenzangu. Moyo unaniuma.

— Basi nikuambie bila utani. Huyo ana mwanamke. Nenda ukamwone kwa macho yako. Ukiogopa kwenda, jibu unalo tayari.

Kesho yake Fundi akapanda basi la kaskazini. Alikaa dirishani kutwa nzima, kiti cha pembeni yake kitupu, akiyapanga matusi na kuyapangua.

Asubuhi iliyofuata, bwawani, alimkuta mlinzi mwingine, kijana mwenye koti kubwa kuliko yeye.

— Yule mzee? Alistaafu zamani, mama. Binti yake alikuja kumchukua. Wanakaa mjini, geti la kijani nyuma ya shule.

— Na korongo wameondoka lini?

— Hawajaondoka. Si hao hapo?

Fundi akageuka. Walikuwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, weupe, kila mmoja juu ya mguu mmoja, kimya.

— Husubiri jua lipashe hewa na upepo utulie, alisema mlinzi. Labda wiki ijayo.

Ndipo Fundi alipoelewa. Ndege walikuwa wanapita kwake kila mwaka. Ila walipita siku ambazo hakuambiwa atazame.

Getini alifungua binti mwenyewe, amevaa nguo za kazini, mkoba begani.

— Namtafuta baba yako.

— Wewe ni nani yake?

— Mchumba wake.

Binti akamtazama kuanzia viatu.

— Mama, baba yangu ana umri wa kuitwa babu, si mchumba.

— Basi niitie huyo babu.

Mzee akatokea jikoni, povu la sabuni mikononi, soksi ya mtoto begani. Alipomwona Fundi akashika fremu ya mlango.

— Nionyeshe bwawa lako, alisema Fundi.

Mzee akamwongoza hadi chumba cha stoo. Kulikuwa na kitanda kimoja, baiskeli za wajukuu na magunia ya mkaa. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuugusa.

— Kwa hiyo ndege wangu ulikuwa unawatoa ukutani.

— Nikisikia baridi imeanza, nakisia.

— Ungeniambia.

— Nikuambie nini? Kwamba mwanamume uliyemkuta akilinda maji ya mji mzima, sasa analinda maziwa jikoni yasifurike? Kila nikitaja kuoa, binti analia, anasema nimemsahau mama yake. Halafu wewe uliandika wamefika. Nikasema, kumbe Mungu ananisitiri.

— Hawakufika.

— Hawakufika?

— Hata mmoja. Niliandika uongo nisikuumize.

Wakatazamana. Watu wazima wawili, mvi zimewajaa, walikuwa wanatumiana ndege ambao hawakuwepo.

— Umejuaje?

— Ulisema korongo walilia.

Mzee akafumba macho, akakaa juu ya kitanda.

— Hata hilo nimelisahau, alisema taratibu. Humu ndani, Fundi, mtu husahau.

Matusi yote aliyoyapanga Fundi njiani yakakosa mahali pa kukaa. Hata hivyo hakumshika mkono.

— Sikuja kukubembeleza. Basi la kurudi linaondoka jioni, nitakuwa stendi. Ukija, njoo kwa miguu yako. Simu nimeshazisikia.

Alikuwa bado anahangaika na komeo la geti aliposikia sauti ya binti nyuma yake.

— Baba, hilo begi la nini? Watoto atawachukua nani shuleni?

Zipu ya begi ikasikika ikifungwa.

— Mama yao.

— Na mama yangu mimi, ndiyo basi?

— Mama yako nilimzika kwa mikono hii, mwanangu, na sijamsahau hata siku moja. Lakini mimi hamjanizika bado.

Fundi hakusubiri kusikia zaidi. Aliufuata mtaa mrefu wenye majani makavu mpaka stendi, akapanda basi, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Abiria wakajaa. Mama mmoja akauliza kama kiti kina mtu. Fundi akasema sijui. Dereva akawasha injini.

Mzee akapanda anahema, begi kifuani, povu la sabuni limemkaukia kwenye kiwiko.

— Binti yako amesemaje?

— Amelia. Halafu ameniletea koti, nisipigwe na baridi.

Fundi akauondoa mkoba.

— Una hasira na mimi?

— Ninazo.

— Zitaisha lini?

— Kaa kwanza, mzee wangu. Na ukitaka kunidanganya tena, nidanganye ukiwa hapa pembeni, nikuone macho yanavyohangaika.