Injini za Urafiki

Kifuniko cha birika kiligongagonga gizani. Feleti akakibana kwa kidole, asiamshe nyumba. Jiko la uani lilikuwa na watu wawili tu: yeye na shemeji yake Mosese, mwenye lori.

"Ghala linatazamana na kanisa," Mosese alinong'ona. "Leo Faka Me, Jumapili ya watoto. Kila mtoto anasoma aya mbele ya watu. Polisi nao wana watoto. Nani atalinda?"

"Mimi injini moja tu, shemeji. Ya mashua yangu."

"Moja! Jambazi gani wewe, una adabu kama mgeni mezani?"

Injini zilikuja na vibandiko vyekundu: zawadi ya Wachina kwa wavuvi wa Tonga. Balozi wao akatabasamu. Mheshimiwa akakata utepe. Wavuvi wakashikishwa injini, wakapigwa picha, wakanyang'anywa. Meli yao ikarudi China imejaa majongoo bahari yetu, kwa bei waliyopanga wao. Urafiki huo! Mheshimiwa akazifungia injini ghalani kwa kufuli, akawa anawauzia jamaa zake. Na Feleti asipopata injini, kesho anapanda ndege kwenda Australia kuchuma matunda, amwache Siale, binti yake wa miaka sita.

Kengele ya kwanza.

Barabara ikajaa nguo nyeupe. Kisha ikawa tupu.

Kengele ya pili.

Kufuli la ghala likakatika.

"Siale umemdanganya nini?" Mosese aliuliza.

"Sikuweza. Nimemwambia niko ghalani, nitamsikia kwenye kipaza sauti."

Mosese alitema mate. "Mpumbavu! Leo kiti cha baba kikiwa kitupu, kanisa zima linauliza!"

Wimbo wa kwanza.

Walipakia wakitweta. Lori likajaa. Feleti akarudi ndani kuchukua ya kwake. Mlango ukabamizwa nyuma yake. Komeo likaanguka kwa nje.

"Shemeji! Fungua!"

"Lazima wamkute mtu, shemeji," Mosese alijibu taratibu. "Wakikukuta wewe, hawatanifuata mimi."

Lori liliondoka chini ya sauti za waimbaji.

Feleti aliusukuma mlango kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Wimbo ukaisha. Kimya. Kisha sauti ya mchungaji ikatoka kwenye kipaza:

"Soma, Siale. Mbona unaangaza macho? Unamtafuta nani, mwanangu?"

Feleti akaliegemeza paji la uso kwenye bati.

"Baba yangu yuko ghalani, ananisikia."