Abiria wa Kiti cha Nyuma

Mtumbwi ulirudi umeinama nyuma. Ulikuwa wa plastiki, wa viti viwili, na kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Aliyekuwa anapiga kasia mbele ni mdogo wake Mama Makasia, mwanamume mwenye tumbo la kuinamisha mtumbwi upande wake yeye, si upande wa kiti kitupu.

"Umepakia nini huko nyuma?" Mama Makasia akamuuliza. Yeye ndiye mwenye gati lile la kukodishia wageni mitumbwi, na mtumbwi ukirudi vibaya huuona haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

"Sijapakia kitu, dada."

"Na ulikuwa wapi?"

Akajikuna shingo. Alikuwa amevuka kamba ya maboya, ile inayozuia watu wasiusogelee ukuta wa bwawa la umeme, eti akapige picha za kuvutia wageni. Kwa kutafuta sifa, huyo hakuwa na mpinzani.

Aliposhuka, mbao za gati zililia chini ya miguu yake, kisha zikalia tena nyuma yake, na mtumbwi ukainuka ghafla. Harufu ya matope yaliyooza ikawapitia puani. Mama Makasia akageuka kutazama bwawa.

"Kawaite wageni wote warudi," akamwambia binti yake, mwongozaji wa gati, msichana mkubwa asiyejua kuogopa. Binti akachukua kasia lake, akaenda.

Wa kwanza kutoka majini alikuwa mwalimu mmoja, akaingia stoo kurudisha jaketi lake la uokozi. Mdogo mtu alikuwa amesimama humo, maji yakimchuruzika ingawa nguo zake zilikuwa kavu. Akamtandika mwalimu kasia la mdomo, meno yakamwagika sakafuni. Mlinzi wa gati alipomkamata kwa nyuma, alimpinda mkono mpaka mfupa ukatoboa ngozi, huku akicheka kwa sauti ya mtu mwingine, kisha akageukia ukuta wa saruji na kuanza kuugonga kwa paji la uso wake mwenyewe, taratibu, kama anayebisha hodi kwa watu anaojua wamo ndani.

Mganga aliletwa kwa pikipiki, mama mwenye haraka zake, kofia ya dereva bado kichwani.

"Unataka nini?" akanong'ona mlangoni.

"Mlinifunika nyumba kwa maji, nikanyamaza," kikajibu kinywa cha mdogo mtu, damu ikikijaa. "Mkaweka maboya, nikajua mmenitambua. Leo mnanifuata mpaka juu ya dari yangu. Fungeni gati. Aliye nchi kavu ni wenu, aliye majini ni wangu. Mwenye gati aape, nimwache huyu."

"Usikimbilie kuapa, mama," mganga akamwambia kwa sauti ya chini. "Wote wametoka?"

"Wageni wote wametoka," mlinzi akajibu kwa kilio, ameushika mkono wake. "Nimewahesabu mwenyewe."

Kichwa kikagonga ukuta tena. Safari hii kitu kilipasuka.

"Naapa!" Mama Makasia akapiga kelele. "Nimefunga! Aliye majini ni wako, niachie ndugu yangu!"

Mdogo wake akaanguka kama gunia. Harufu ikatoka mlangoni kama upepo, ikaelekea bwawani. Akafumbua macho, akaita, "Dada." Mama Makasia akamkumbatia, akilia na kucheka, akimpangusa damu kwa upindo wa gauni.

"Mama! Nimewaleta wote!"

Sauti ilitoka majini. Katika gati lile mgeni huhesabiwa, mwongozaji hahesabiwi, kwa kuwa hurudi wa mwisho nyuma ya wote, na binti alikuwa bado mbali na nchi kavu, ameinua kasia juu kwa furaha, pale maji yalipofunguka chini yake na kitu kikamvuta kiunoni kwa nguvu hata mtumbwi ukavunjika katikati, akaibuka mara moja, mkono mmoja haupo, akimwita mama yake, akavutwa tena.

Mganga alimdaka Mama Makasia ukingoni. "Ukiingia nawe ni wake! Umeapa mwenyewe!"

Mama Makasia akamng'ata mkono mpaka akaachia, akaingia majini.