Soksi ya Mguu wa Kulia

Kila asubuhi Fundi Soli hukaa kwenye kigoda chake nje ya mlango wa nyumba, chini ya kipande cha bati. Jina hilo alipewa na wateja. Hata mkewe humwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa na hasira humwita baba watoto.

Mbele yake kuna nyundo, koleo, kopo la gundi na mkebe wa misumari midogo. Kiatu hukibana kati ya magoti. Miguu huikunja chini yake, na hukaa hivyo hivyo tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linakwenda kuzama. Sigara haitoki pembeni mwa mdomo.

Ana desturi moja ambayo wateja wote wanaisifu. Akimaliza kiatu, hakitoi mpaka aingize mkono ndani. Hupapasa polepole, kuanzia kisiginoni hadi vidoleni, macho ameyafumba. Anatafuta ncha ya msumari.

"Macho hayafiki humu," huwaambia. "Mkono unafika. Kiatu changu hakijamchoma mtu tangu nianze kazi."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Mkewe alikuwa uani akifua. Alimaliza mashuka, akamaliza mashati, akafika kwenye soksi za mumewe. Ya kushoto ilikuwa laini. Ya kulia ilikuwa ngumu kama gamba, upande wa unyayo. Aliinusa, akaiweka chini. Akaiokota, akainusa tena.

"Baba watoto!"

"Naam!"

"Soksi hii ina nini?"

"Gundi."

"Gundi?"

"Gundi, mama. Ilimwagika juzi. Unauliza kama polisi."

Mke aliigeuza soksi, povu likimtiririka mikononi. Gundi ya mume huyu ameifua miaka kumi na minane. Gundi huacha doa la manjano lisilotoka hata ukilisugua kwa jiwe. Doa hili lilikuwa la hudhurungi. Alilidondoshea maji, na maji yakawa mekundu.

Hapo mambo mengi yakamjia kwa pamoja. Siku hizi mumewe hawezi kufika dukani bila kusimama mara mbili njiani. Akisimama hujifanya anamsalimu mtu, au anatazama bei ya ndoo, na ndoo nyumbani wanazo nne. Mguu wake wa kulia ni baridi hata wakati wa joto. Vinyweleo vya kwenye muundi vimepukutika, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Na wiki iliyopita alimkuta amejifunga shavu la mguu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ati kuzuia maumivu.

Aliingia ndani na soksi mkononi. Mume alikuwa ameketi kwenye kiti, mguu wa kulia ndani ya beseni. Maji yalikuwa yanatoa mvuke. Kando yake palikuwa na pakiti ya chumvi.

"Nionyeshe mguu," alisema mke.

"Kidonda kidogo tu. Nakiloweka. Kesho kutwa kitakuwa kimekauka."

"Kilianza lini?"

"Nilikiona juzi."

"Kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo! Ndiyo maana nakwambia si kitu."

"Basi twende hospitali wakakione."

Mume aliruka kama amepigwa kofi. "Hospitali siendi! Umesahau yaliyompata mzee aliyenifundisha kazi? Alikwenda na kidole kibovu, akarudi hana mguu. Mimi kazi yangu ni kubana kiatu kwa magoti mawili. Nikibaki na goti moja nitabana nini? Na mteja gani atampa viatu viwili fundi mwenye mguu mmoja?"

Alikuwa anafanya mzaha, lakini midomo ilikuwa inatetemeka. Mke akaona kuwa mumewe ana hofu. Na yeye pia hofu ikamshika, maana katika miaka yote hiyo hajawahi kumwona mtu huyu akitetemeka. Hakubishana. Aliifunga soksi kwenye karatasi, akatoka mbio mpaka nyumba ya tatu.

Katika nyumba hiyo anaishi mama mmoja anayefanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati. Mtaa mzima humwita Nesi. Siku hiyo alikuwa nyumbani, anasuka nywele za binti yake.

"Shoga, njoo upesi. Shemeji yako ana kidonda mguuni, na kinanuka."

Nesi alimwacha binti na nywele nusu. Hakuuliza la pili; njiani mke akamweleza habari za ndoo na za tyubu.

"Hodi humu!"

"Sitaki wageni!" alijibu Fundi Soli.

"Mimi si mgeni, shemeji. Viatu vyangu viko kwako mwezi wa pili sasa." Alikwisha kuingia. Aliona mvuke, akainama, akachovya vidole kwenye beseni. Akavitoa upesi na kuvipuliza. "Mama yangu! Toa mguu huo! Toa sasa hivi!"

"Kwani vipi?"

"Maji haya yanaunguza. Wewe huyasikii?"

Fundi Soli alimtazama mkewe. Kisha akayatazama maji. "Ni ya vuguvugu tu," alisema polepole.

Mke alichovya kidole chake. Machozi yakamtoka, na si kwa sababu ya moto peke yake.

Nesi alichukua kitambaa safi, akaupangusa mguu taratibu bila kuusugua. Ngozi ya juu ilikuwa imeanza kuwa nyekundu kwa kuungua. Chini ya unyayo, karibu na kidole gumba, kulikuwa na tundu dogo jeusi lenye usaha pembeni. Aliliangalia kwa muda mrefu. Akabonyeza ukucha wa mguu wa kushoto na kuuachia. Rangi ilirudi mara moja. Akabonyeza wa kulia. Rangi haikurudi. Walingoja wote watatu. Ndipo ikarudi, kwa kujikokota.

Kisha Nesi akaweka vidole viwili juu ya mguu wa kushoto, halafu juu ya wa kulia. Akavihamisha kidogo.

"Unatafuta nini?" aliuliza mke kwa sauti ndogo.

"Damu ikipita hapa hugonga, kama mapigo ya mkononi. Mguu wa kushoto unagonga. Huu sijausikia vizuri." Aliinua uso. "Kiatu cha mguu huu kiko wapi?"

Kilikuwa chini ya kitanda. Mke alikileta. Kwa kuzoea kumwona mumewe, aliingiza mkono ndani, akapapasa kuanzia kisiginoni. Ghafla akautoa. Tone la damu lilikuwa limechomoza kwenye kidole chake.

"Msumari," alisema.

Fundi Soli alikichukua kiatu, akaingiza mkono wake mwenyewe. Ncha ilikuwa pale pale, chini ya kidole gumba. Uso ukamwiva kwa aibu.

"Niliipiga hii soli Jumanne ya juma lililopita," alisema. "Mteja alikuwa ananisubiri. Nikavaa tu, sikupapasa. Siku kumi na mbili! Nimekanyaga msumari siku kumi na mbili, na sikusikia!"

"Hukusikia kwa sababu mguu una ganzi," alisema Nesi. "Nisikilize, shemeji. Kopo lako la gundi ukilitumia siku nyingi, mdomo wake huwaje?"

"Gundi huganda ukingoni. Tundu huwa dogo."

"Na gundi ya ndani?"

"Hutoka kwa shida."

"Mishipa yako ya damu imekuwa hivyo. Ndani yake kumeganda mafuta, njia imekuwa nyembamba. Ukitembea, mguu unataka damu nyingi, damu haifiki, unauma. Ukisimama, unatulia. Ndiyo maana unasimama kutazama ndoo."

Mke alimtupia jicho mumewe. Mume akainamisha kichwa.

"Sigara huzidi kuibana mishipa hiyo. Kukaa siku nzima umeikunja miguu, damu inalala. Ile tyubu uliyojifunga nayo ni kama kukanyaga mpira wa maji. Na kidonda kisichopata damu hakiponi. Kuhusu ganzi, nina wasiwasi na kisukari, lakini hilo litasemwa na kipimo."

"Nitapima wiki ijayo."

"Leo."

"Kesho asubuhi basi."

"Leo, shemeji. Kila saa kidonda kinachimba. Kikifika kwenye mfupa, habari ni nyingine."

Fundi Soli alijikaza kisabuni. "Mzee wangu alikwenda na kidole."

"Kabla hajaenda, alikaa nacho nyumbani muda gani?"

Alifikiri. Alikumbuka harufu kwenye kibanda cha yule mzee. Alikumbuka majani ya kubandika, na maji ya moto, na chumvi.

"Miezi miwili," alisema.

Nesi alifunika kidonda kwa kitambaa safi bila kukaza. Mke alikwisha kutoka kutafuta gari.

Hospitalini walipima sukari, ilikuwa juu sana. Wakapima presha ya mkono, kisha wakafunga kile kipimo mguuni wakapima na huko. Wakapiga picha ya mfupa. Daktari, kijana mwenye miwani, aliiinua picha kwenye mwanga. Mke alikuwa amemshika mumewe mkono, na hakujua ni mkono wa nani uliokuwa na jasho.

"Mfupa bado haujaguswa," alisema daktari. "Lakini sina ahadi. Utalala hapa. Tutasafisha, tutakupa dawa, na hutaukanyaga mguu huu. Siku ya tano tutajua kama kidole kinabaki."

Siku tano hizo zilikuwa ndefu. Kila asubuhi bandeji ilifunguliwa, na kila asubuhi mke aligeuza uso kwanza, kisha akapiga moyo konde akatazama. Siku ya tatu ukingo wa kidole ulikuwa mweusi zaidi. Fundi Soli hakula siku hiyo. Siku ya nne haukubadilika. Siku ya tano daktari alibonyeza, akabonyeza tena, akavua miwani.

"Nyama ni nyekundu," alisema. "Kidole kinabaki. Mngekuja wiki moja baadaye, tungezungumza mengine."

Mke alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mume alisema tu, "Mama watoto, ile soksi usiitupe. Ndiyo iliyouokoa mguu huu."

Kidonda kilichukua majuma kumi na moja kupona. Alitembea kwa magongo, akameza dawa za sukari na za mishipa bila kuruka hata siku moja, maana mkewe alisimama mbele yake na kikombe cha maji kama askari wa zamu. Sigara ilimsumbua kuliko kidonda. Aliiacha, akairudia, akaiacha tena. Mwishowe akawa anabana kipande cha uzi wa kushonea pembeni mwa mdomo, mahali pa sigara.

"Unaonekana kama mbuzi," mkewe alimwambia.

"Mbuzi mwenye miguu yote," alijibu.

Daktari aliporuhusu, akaanza kutembea bila magongo. Kila jioni huenda mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Shavu la mguu likianza kuuma, husimama mpaka maumivu yaishe, kisha huendelea. Mwanzoni alisimama mara sita. Sasa husimama mara moja, na hatazami tena bei ya ndoo. Kigoda amekibadilisha kwa kiti kirefu, miguu imenyooka. Kila akimaliza jozi moja ya viatu huinuka, huzungusha vifundo vya miguu, huinua visigino na kuvishusha. Wateja wakimcheka, huwaambia wainuke nao.

Jioni huosha miguu. Maji huyapima mkewe kwa kiwiko cha mkono. Hukausha katikati ya vidole, kisha huweka kioo sakafuni na kutazama nyayo zote mbili. Kama miguu ni baridi huvaa soksi nzito zisizobana. Kupasha miguu kwa maji ya moto au makaa ni marufuku katika nyumba hiyo.

Asubuhi moja, miezi minane baadaye, Nesi alipita kuchukua viatu vyake, vile vile vya siku zote. Alimkalisha Fundi Soli, akaweka vidole viwili juu ya mguu wa kulia. Akamwita mke.

"Weka vidole vyako hapa. Usikandamize."

Mke aliweka. Alingoja. Halafu akaisikia damu. Ilikuwa ndogo, kama mtu anagonga mlango kwa aibu, lakini ilikuwa inagonga.

"Ipo," alinong'ona. "Fundi Soli, ipo!"

Mume alitabasamu, akavuta kiatu chake ili avae aanze kazi. Mguu ulikuwa umekwisha fika mlangoni mwa kiatu. Akaurudisha. Akaingiza mkono kwanza, akafumba macho, akapapasa kuanzia kisiginoni hadi vidoleni. Alitoa kitu kidogo, akakiweka juu ya meza mbele ya wanawake wawili. Ulikuwa msumari mdogo, umeanguka kutoka kwenye mkebe usiku uliopita.

Fundi Soli aliurudisha msumari kwenye mkebe, akaufunga mfuniko kwa kugonga mara mbili. Kisha akavaa kiatu.