Msimwache Mzee

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye uwanja wa nyuma wa jengo la ghorofa nne, mguu mmoja ukiwa ndani ya beseni la jirani. Kijana wa miaka kumi na tisa, mgeni, fulana ya buluu iliyokoza, kaptura, miguu mitupu. Juu kabisa, kwenye paa, mashati meupe yalipepea kwenye kamba kana kwamba hakuna lililotokea.

Inspekta aliitazama maiti kidogo tu. Macho yake yalikuwa kwenye damu nyingine, iliyoanzia kwenye benchi la mlinzi na kuishia getini.

"Hii ni ya nani?"

"Ya muuaji, afande," alijibu konstebo wake, ambaye kituo kizima kilimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. "Wananchi wenye hasira wameshamshughulikia. Yuko kwenye gari, anapumua kwa mkopo."

Muuaji mwenyewe alikuwa mlinzi wa jengo, mzee wa miaka sabini, uso umevimba hata macho hayaonekani. Alikuwa akirudia neno moja: kwa nini, kwa nini, kwa nini.

Aliyekuwa wa kwanza kumfikia marehemu ni mama mmoja fundi cherehani, mwenye chumba cha chini. Bado alikuwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Ulimkuta hai?"

"Hai kabisa, baba. Nikamshika kichwa. Akanitazama, akasema, 'Msimwache mzee.' Akarudia tena, 'Msimwache mzee.' Hapo hapo akakata roho."

"Una hakika na maneno hayo?"

"Mimi si kiziwi! Nikapiga kelele, watu wakajaa, nikawaambia marehemu kasema mzee asiachwe." Alikunja ncha ya tepu yake. "Basi, hawakumwacha."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Kila Jumatatu. Hawa vijana wa tai, hawa Wamormoni wanaogonga milango kuhubiri dini yao, Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua. Wanapanda juu na mabeseni, maji yanachuruzika ngazi nzima. Wiki iliyopita mzee kaapa, 'Nitawatupa chini nyinyi na mashati yenu!' Sisi tukacheka."

Sababu ipo, kitisho kipo, neno la mwisho la marehemu lipo. Kesi ilikuwa imejipika yenyewe, Inspekta aliombwa kupakua tu. Naye akapakua. Mlinzi alipelekwa hospitali chini ya ulinzi, na jina lake likasomwa kwenye taarifa ya jioni kama mtuhumiwa wa mauaji. Mkuu wa kituo alipiga simu kupongeza.

Alibaki kijana wa pili, mmisionari aliyeishi na marehemu, mwenye miaka ishirini. Alikutwa amejifungia bafuni kwenye chumba chao, naye akiwa na fulana na kaptura, anatetemeka kama aliyetolewa mtoni.

"Ulikuwa wapi mwenzako alipoanguka?"

"Nilikuwa bafuni," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, cha kujifunza kwenye kitabu. "Sikuona."

Inspekta alimwonea huruma. Alimpa maji, akamkabidhi kwa kiongozi wao wa misheni.

Jumanne asubuhi binti wa mlinzi, msusi wa nywele, aliingia kituoni na kukaa kwenye benchi la mapokezi kama mtu aliyekuja kuhamia. Hakuondoka mpaka Inspekta alipotoka ofisini.

"Wewe ndiye umemwita baba yangu muuaji?"

"Ni mimi, dada."

"Goti la baba lilikufa nikiwa darasa la tatu. Ghorofa nne kapandaje? Kwa mbawa?"

"Mwenye hasira hupanda, dada."

"Na mwenye akili hufikiri." Redio alikohoa kuzuia kicheko. Binti hakumtazama. "Daktari anasema damu inavujia ndani. Amesema tusubiri tu, na mimi najua tunasubiri nini. Sikuja kulilia fidia, Inspekta. Usiku kucha anauliza kwa nini. Nataka asikie kwa masikio yake, kutoka kinywani mwako, kwamba hakuua. Asiingie kaburini na jina hilo."

"Bado sijui kama hakuua."

"Basi jua upesi."

Inspekta alirudi mezani. Alijaribu kusoma jalada jingine, mistari ikawa inaruka. Mchana alipanda ngazi za jengo lile mwenyewe, moja moja, akifika juu anahema, na magoti yake yalikuwa mazima. Paani palikuwa na beseni lenye nguo zilizorowekwa, maji yake yamechacha. Nusu ya mashati yalikuwa kwenye kamba, nusu bado yamo kwenye povu lililokufa. Mtu alikuwa ameacha kufua katikati.

Jumatano asubuhi mtaalamu wa maabara alimwita.

"Kifuani mwa ile fulana kuna alama mbili za viganja, Inspekta. Nyeupe. Si rangi, si chokaa. Ni sabuni ya unga, imekaukia kwenye kitambaa."

"Marehemu alijishika?"

"Vidole vinatazama juu. Hizo ni alama za mtu aliyesimama mbele yake akamsukuma. Aliyemsukuma alitoa mikono yake kwenye beseni."

"Mlinzi je?" Redio aliingilia. "Afande, yule hata shati alilovaa halijawahi kukutana na sabuni."

Inspekta hakucheka. Aliagiza kijana wa pili aletwe.

Walikuja saa nane mchana. Kiongozi wa misheni, mgeni mwenye upara na nywele chache za mvi, alitangulia. Nyuma yake kijana, safari hii kavaa shati jeupe, tai, na beji nyeusi kifuani. Kiongozi alivuta kiti, akasema kwa upole:

"Mzee, kaa hapa umjibu Inspekta."

Inspekta aligeuka kumtafuta huyo mzee. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kijana ndiye aliyekaa.

"Umemwita nani?"

"Huyu. Wamisionari wetu wanaume wote tunawaita Mzee. Ni heshima ya kazi, si ya mvi." Alionyesha beji: neno la kwanza lilikuwa MZEE, na jina la ukoo likafuata.

"Jumatatu hakuwa na beji."

"Siku ya kufua wanavaa kama watu wengine."

"Na wao kwa wao, wanaitanaje?"

"Mzee. Hata chumbani kwao. Ndiyo desturi."

Inspekta alikaa. Hakuwa amepanga kukaa. Kisha akamwomba kiongozi asubiri nje, na Redio akafungua kalamu bila kusema neno, jambo ambalo kituo hakikuwahi kuliona.

"Nisimulie wiki yako, kijana. Siku kwa siku."

"Tunaamka mapema, tunasali, tunasoma. Jumanne tunagonga milango. Tunaambiwa mama hayupo, na mama mwenyewe ndiye anayesema. Jumatano tunawatazama wagonjwa. Alhamisi milango tena, na mbwa wametuzoea kuliko watu. Ijumaa na Jumamosi tunamfundisha yeyote aliyekubali, mara nyingi hakuna. Jumapili kanisani. Jumatatu tunafua, tunapiga simu nyumbani."

"Na mwenzako?"

"Yupo."

"Siku gani hayupo?"

"Hakuna. Ndiyo kanuni. Daima wawili. Mwenzako umwone, umsikie. Tunalala chumba kimoja. Mlango wa bafu tu ndio unaotutenganisha."

"Jumatatu nani alikuwa anafua?"

"Mimi."

"Kumbe ulikuwa paani."

Inspekta aliweka picha mezani: viganja viwili vyeupe juu ya buluu.

"Weka mikono yako hapa, kando ya hivi."

Kijana hakuiweka. Aliiingiza chini ya meza, na hapo machozi yakaanza kumtoka, uso ukiwa hauna hata mkunjo.

"Asubuhi ile baba alinipigia. Mama alifariki Alhamisi. Walimzika Jumamosi. Alisema hakuniambia mapema ili nisiikatize kazi. Kiongozi wetu alipopata habari jana alilia, akasema angenipa tiketi siku ile ile. Lakini baba alishaniamulia. 'Mama yako angejivunia,' akasema, kisha akanitakia wiki njema."

"Mwenzako alijua?"

"Sikumwambia. Ningemwambia, angeniombea." Alipumua. "Nilitaka kulia, afande. Sijalia peke yangu mwaka na nusu. Nikachukua beseni, nikamwambia abaki chini. Akanifuata. Nikafua, nikafua, akakaa karibu yangu. Nikamwambia, 'Niache.' Akasema, 'Siwezi kukuacha, Mzee.' Nikaenda pembeni, akaja. Nikageukia ukuta, akaniwekea mkono begani. Alikuwa mtu mwema. Angekuwa mbaya ningemvumilia. Nikamsukuma aondoke. Aondoke tu! Nyuma yake palikuwa na ukingo wa magotini."

"Kisha?"

"Nikasikia kelele chini. 'Mzee! Mshikeni mzee, asiachwe!' Nikajua wananiita mimi. Nikashuka chumbani, nikajifungia bafuni, nikawangoja. Hawakuja. Nilipochungulia dirishani nikaona wamepata mzee mwingine."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Inspekta alimweleza maneno ya mwisho ya marehemu kama fundi alivyoyasikia. Kijana aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza.

"Hakuwa anamshtaki mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anawaomba mpande juu mkae na mimi. Kwa sababu yeye hangeweza tena."

Kuacha. Neno dogo, mtoto wa miaka miwili analijua. Mmoja alilitamka kwa huruma, mtaa mzima ukalipokea kwa mawe, na serikali ikalipiga muhuri. Inspekta alijua muhuri ulikuwa wa nani. Aliinua simu akampigia msusi.

"Dada, mwekee baba simu sikioni."

Ng'ambo akasikia mchakacho wa shuka.

"Ongea," binti alisema kwa mbali.

"Mzee wangu, ni Inspekta. Hukuua mtu. Aliyesukuma amekiri, yuko mbele yangu. Mimi ndiye niliyekosea, na nitalisema hadharani. Umenisikia, mzee wangu? Hukuua."

Alingoja. Hakusikia pumzi wala kikohozi, ila magurudumu ya kitoroli yakipita koridoni. Kisha sauti ya binti ikarudi, kavu.

"Amekufa nusu saa iliyopita. Simu nimemwekea kweli, usidhani nimekudanganya. Sasa nenda kawaambie waliompiga. Wao bado wanasikia."