Mota ya Cherehani ya Mama

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaketi kando ya cherehani kumtungia mama yake uzi kwenye sindano. Jina hilo la utani alilipata kwa kusema sana. Mama yake alisema mtoto huyu hata usingizini hanyamazi.

Lakini wiki hiyo cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameteleza bafuni akaumia goti, na daktari alimkataza kupiga pedali. Majoho ya kwaya ya shule yalilala kitandani, yamekatwa lakini hayajashonwa. Yalitakiwa Ijumaa.

"Kesho nitawarudishia vitambaa vyao," alisema mama, akigeuza uso ili mwanawe asione machozi. "Watafute fundi mwingine mapema."

Chiriku aliumia moyoni. "Subiri kwanza, mama! Si tuna ile mota ya shangazi?"

Shangazi yake alikuwa fundi umeme. Aliwahi kumletea mota ndogo iliyotoka kwenye feni ya gari bovu, ajifunzie. Chiriku aliifunga mezani, akaiunganisha na gurudumu la cherehani kwa mkanda wa mpira. Akaweka swichi chini, mama aikanyage kwa mguu mzima. Ulibaki umeme. Taa za nyumbani zilitumia sola, na betri zake mbili, zikiwa zimeungwa kwa kufuatana, zilitoa volti 24. Mota iliandikwa volti 12.

Chiriku hakuwa mjinga. Alijua volti 24 zingeiunguza. "Lakini kila betri ina volti 12," aliwaza. "Nikichukua umeme wa betri moja tu, kazi kwisha!"

Hakumuuliza mtu. Aliunga waya, mama akakanyaga swichi, na sindano ikaanza kudonoa kitambaa kama kuku aliyemwagiwa mtama. Mama alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu aanguke. Joho la kwanza likaisha, la pili likafuata, na Chiriku akatamba mtaa mzima kwamba sasa aitwe injinia.

Jumatano jioni taa zilififia. Cherehani ikajikokota, ikasimama katikati ya mkono wa joho.

"Injinia, vipi tena?" aliuliza mama.

Chiriku alikagua nyaya zote, akaziona nzima. Alitamani kubahatisha tena, lakini aliyaona majoho yaliyobaki, akachukua simu na kumpigia shangazi.

Shangazi alifika na mkoba wake wa vifaa. Kabla ya kugusa chochote alivua bangili zote na kuziweka mezani. "Chuma kikigusa ncha mbili za betri, utaungua mkono," alisema. Akapima betri kwa mita, moja baada ya nyingine.

"Hii imeshiba, hii imebaki mifupa. Nani aliyekuwa akila sahani ya mwenzake?"

"Ni mimi, shangazi," alijibu Chiriku, akiinamisha kichwa. "Nilichukua umeme wa betri moja."

"Hesabu yako ilikuwa sahihi, mwanangu, ila chaja ya sola huzijaza zote mbili kama kitu kimoja. Ukiichosha moja, hiyo hubaki na njaa na nyingine huvimbiwa. Mwishowe zote huharibika."

"Zimekufa?" aliuliza Chiriku.

"Umeniita mapema. Zitapona."

Shangazi aliibeba ile dhaifu hadi karakana yake, akaichaji peke yake. Alhamisi Chiriku aliporudi kutoka shule, betri zote zilikuwa zimejaa sawasawa. Shangazi alimpa kisanduku kidogo cha chuma. "Hiki ni kipunguza volti. Huingia 24 kutoka betri zote mbili, hutoka 12. Nimechagua chenye nguvu ya ziada, maana mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi. Sasa unga wewe, mimi nitazame."

Chiriku aliweka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri, ili waya ukileta hitilafu fyuzi ikatike kabla ya moto kuwaka. Kisha, kabla ya kuunga mota, alipima. Mita ilisoma 12.

"Kanyaga, mama!"

Cherehani ilivuma, taa zikabaki zinang'aa. Mama alishona akiimba, Chiriku akikata nyuzi na kusema bila kupumzika. Ijumaa mwalimu wa kwaya alipobisha hodi, joho la mwisho, lake mwenyewe, lilikuwa likipigwa pasi. Alilivaa pale pale, akazunguka kwa furaha.

"Nani amekutengenezea mtambo huu?" mwalimu alimuuliza mama.

"Injinia wangu huyu hapa!" alijibu mama kwa fahari.

Chiriku alitabasamu. "Nilisaidiwa na shangazi."

Shangazi, aliyekuwa amekuja kukagua mtambo, alimshika bega. "Akili ulikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni swali moja tu. Kuuliza si ujinga, mwanangu, na wewe mdomo unao. Utumie na kwa hilo!"

Wote wakaangua kicheko, na mama akakanyaga swichi kuanza kazi nyingine.