Damu Yangu Haina Shida

Kila Jumamosi asubuhi natwanga sombe, majani ya muhogo. Siku ile nilikuwa nimefika katikati, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Appolinaire, mchumba wangu:

"Nimepima damu kama padri alivyotaka. Niko AS, nabeba nusu ya sikoseli sawa na wewe. Watoto wetu wataumwa. Tuache ndoa. Usikuje Mbarara."

Mama yake, Annonciata, jirani yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alinikuta nimekaa chini karibu na kinu. Nikamsomea.

— AS? Appo wangu? Mdogo wake alipokufa na sikoseli, tulipimwa sisi bote. Ni yeye peke yake alitoka AA, hana hata nusu.

— Mama una hakika?

— Nilimushika mkono wakimutoboa. Kama yeye ni AA, hakuna mtoto wenu atazaliwa na ule ugonjwa. Si ndiyo mulisomea?

Ndiyo tuliyosomea. Mimi na Appolinaire tulisomea ualimu wa biolojia chuo kimoja. Nikanawa mikono, nikaenda mjini Mbarara.

Nilimkuta nje ya geti la shule anakofundisha, anakula muhindi wa kuchoma na msichana aliyesuka vizuri.

— Appo, mama amesema uko AA.

Aliutazama muhindi kabla ya kunitazama.

— Hata kama. Wewe bado uko AS. Umesoma, Mariette. Asili inachuja, chenye kasoro kinabaki nyuma. Si mimi niliyeitunga sheria hiyo.

— Asili haimjui mtu bora. Hii nusu ya sikoseli ilibaki kwetu kwa sababu watoto walioibeba hawakuuawa ovyo na malaria. Pengine bila hiyo, nyanya yangu asingefika utu uzima. Tulikaa dawati moja siku tulipofundishwa.

— Asante, mwalimu wa kambi.

Msichana akacheka taratibu.

— Appo, huyu ndio ile dada yako ya Nakivale?

— Dada? nikauliza.

— Kabanyana, ingia ndani kidogo, Appolinaire akamwambia.

— Niingie kufanya nini? Kesho unakuja kwa baba yangu, kule Makenke, kujitambulisha kama mkwe, na mimi sijui dada yako analilia nini.

Sikuwahi kubishana na mtu barabarani. Wanafunzi walikuwa wanapita, wengine wakasimama. Maneno yalinitoka kwa sauti ndogo, ikabidi niyarudie.

— Appo, usiisingizie asili. Sema sababu yako.

— Rudi nyumbani, Mariette.

— Sema yako, nitarudi.

Akatupa gunzi, akafuta mikono kwenye suruali.

— Watoto wangu wakiulizwa kwao ni wapi, nataka wajibu Mbarara, na swali liishie hapo. Damu yako haina shida. Nikikuona wewe, naona foleni ya posho. Sikutaki.